Lugha Isiyo ya Watu

Mwezi wa tatu mwaka huu mwalimu wetu wa fasihi linganishi alituletea filamu ya Meksiko katika flashi. Tulikusanyika katika chumba kikubwa cha mihadhara saa kumi jioni. Jenereta ilinguruma nje, na mvua ya Butembo ilipiga mabati kiasi kwamba hatukusikia Kihispania chenyewe, tukabaki kusoma manukuu ya Kifaransa. Filamu inaitwa Veneno para las hadas. Ilitengenezwa na Carlos Enrique Taboada, ikaonyeshwa mwaka 1986. Kabla haijaanza tulibishana juu ya jina lake. Veneno ni sumu, hapo hapana shida. Lakini hadas ni nini kwa Kiswahili? Mmoja alisema majini wema, mwingine akasema malaika wadogo, wa tatu akasema mizimu. Mwalimu alicheka, akasema tuwaache wabaki hadas, kwa maana si kila kiumbe kinavuka bahari.

Hadithi yake ni fupi. Verónica ni yatima anayelelewa na bibi yake mgonjwa na yaya anayempa hadithi za wachawi. Darasani anaingia mtoto mpya, Flavia, ambaye ana kila kitu: wazazi, nyumba kubwa, vitu vya kuchezea. Verónica hana chochote, basi anamwambia mwenzake jambo moja tu: mimi ni mchawi. Flavia hapendi masomo ya piano. Wanafanya tambiko la kitoto, na baada ya siku chache mwalimu wa piano anafariki. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo, watu wazima wanalijua hilo, lakini hakuna anayekaa chini na kumweleza Flavia mpaka aelewe. Tangu hapo anaishi kwa hofu. Verónica anamdai vitu vyake, hata mbwa wake, na anampa vyote. Wanakwenda likizo shambani, wanaokota vyura na udongo wa makaburini ili kupika sumu ya kuwaulia hadas, maadui wa wachawi. Mwishoni Flavia anamfungia mwenzake katika ghala la nyasi na kulitia moto.

Katika filamu nzima nyuso za watu wazima karibu hazionekani. Tunaona mikono yao, migongo yao, sketi, viatu. Tunasikia sauti zao zikipita juu ya vichwa vya watoto.

Taa zilipowashwa watu walianza kucheka, kama tunavyofanya tukiwa tumeogopa. Mmoja wetu alisema: kama ingekuwa filamu ya Nigeria, mchungaji angefika dakika tano kabla ya mwisho na chupa ya mafuta. Tulicheka tena. Kisha mjadala ukawa mkali. Wengi walisema Verónica alijitakia, kwa sababu ni yeye aliyesema kwa kinywa chake kwamba ni mchawi. Mwalimu aliniangalia, kwa kuwa kwa kawaida nasema sana. Nilisema sina neno. Nilichukua mfuko wangu nikaenda zangu mvuani.

Ninaandika hapa lile nililoshindwa kulisema siku ile.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka tisa, na nyumbani kwetu kulikuwa Beni. Ndugu wasomaji wa Butembo wanaujua mwaka ule, na wa Beni wanaujua zaidi. Mwezi wa Oktoba mauaji yalianza katika vijiji vinavyozunguka mji na upande wa Oicha na Eringeti. Watu walikatwa kwa mapanga na mashoka katika mashamba yao na ndani ya nyumba zao, wakati mwingine si mbali na kambi za askari. Serikali ilisema ni ADF, waasi waliotoka Uganda zamani. Watu walisema ni ADF, na wengine, na wengine tena. Aliyeuawa hakujua jina la aliyemuua. Jioni tulifunga mlango saa kumi na mbili, na baba alisukuma kabati nyuma yake.

Mwisho wa Oktoba mwaka huo, mjini Beni, umati wa watu ulimpiga mawe kijana mmoja mpaka akafa, ukamchoma moto. Habari zilizotoka wakati ule zilisema kwamba alitiliwa shaka katika basi kwa kuwa alikuwa na panga na hakujua kusema Kiswahili. Panga kila mkulima wa Beni analo. Kilichobaki ni lugha. Sisi tunaosoma lugha kwa ajili ya diploma tunapaswa kukumbuka kwamba katika mji ulio kilomita hamsini hivi kutoka hapa, kutojua Kiswahili kulitosha kuwa ushahidi.

Karibu na Krismasi mjomba wangu alimleta binti yake kwetu. Mke wake alikuwa ameuawa shambani, kaskazini ya Oicha. Mjomba mwenyewe alikuwa anakwenda kutafuta kazi upande wa Mambasa, na hakuweza kutembea na mtoto. Jina la binti sitalitaja, maana ni lake. Nitamwita binamu yangu, ingawa nyumbani tuliambiwa tuitane dada. Alikuwa na umri sawa na wangu. Alikuja na gauni moja na sufuria ndogo ambayo hakutaka mtu aiguse.

Mama alimpa sweta yangu ya shule. Nilikuwa nayo nyingine, lakini ile ilikuwa ya rangi ya buluu niliyoipenda. Alimpa pia nusu ya kitanda changu. Wageni walipokuja walimpapasa kichwa yeye, wakamwonea huruma, nami niliambiwa nikalete viti. Ninayataja mambo haya madogo kwa sababu nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kilichonisukuma, na sijapata kikubwa zaidi ya hivyo. Sweta na viti.

Usiku alikuwa anasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, uso wake ukielekea ukuta, kama mtu anayeongea na mwenzake aliyelala upande wa pili. Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza, kisha akaendelea. Sikuelewa neno hata moja. Haikuwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. Haikuwa Kiswahili, wala Kifaransa cha shuleni, wala Lingala ya askari. Nilivuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Mwezi wa pili mdogo wangu, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alishikwa na homa kali. Siku hiyohiyo ilisikika kwamba watu wameuawa tena. Mama alikaa jikoni na mtoto mgongoni, macho yake yakiwa mekundu, na jirani mmoja alikuwa naye. Jirani aliuliza swali ambalo nadhani aliliuliza bila kufikiri sana:

“Na huyu mutoto mulileta, anasemaka na nani usiku?”

Nyumba zetu zilishikana. Kumbe naye alikuwa amesikia. Mama hakujibu. Aliniangalia mimi, ninayelala naye. Wote wawili waliniangalia. Sikuwahi kuangaliwa hivyo na watu wazima, kama mtu mwenye jambo wanalolihitaji. Nikasema:

“Mi namusikiaka. Hii haiko luga ya batu.”

Hii si lugha ya watu. Nilisema hivyo. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyenilazimisha.

Kutoka hapo neno lilitembea lenyewe. Kufikia Jumapili watoto wa bombani walikuwa wanakimbia binamu yangu akija na kidumu chake. Mutoto mulozi. Mtu alisema amemwona akiokota manyoya ya kuku. Mwingine alisema kwamba wale wanaokuja usiku na mapanga lazima wawe na mtu ndani ya mji wa kuwafungulia njia, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto, kwa sababu nani atamshuku mtoto? Leo naona jinsi hesabu ile ilivyopigwa. Wauaji wa msituni hawakukamatika. Jeshi halikuwakamata, MONUSCO haikuwakamata. Mtoto wa ndani ya nyumba alikamatika.

Baba yangu alisema ni upuuzi, kisha akanyamaza, kwa sababu homa haikushuka. Walimpeleka binamu yangu katika chumba cha sala, ambacho hakipo tena. Alikaa siku tatu bila chakula pamoja na watu wazima waliomwombea na kumuuliza. Siku ya tatu alikubali. Alisema ndiyo, mimi ni mulozi. Alisema alipewa bulozi katika kipande cha muhogo. Alisema alitaka kumla mdogo wangu. Alisema kila alichoulizwa.

Mdogo wangu alipona. Wakati ule wa sala mama alikuwa amempeleka pia kwenye kituo cha afya, akapimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Lakini katika simulizi ya mtaa dawa haikutajwa. Binamu yangu alipelekwa kwa ndugu wa mbali upande wa Mangina, na jina lake halikutajwa tena mezani. Sweta ilirudi kwangu. Niliivaa.

Mwaka wa kwanza wa chuo tulisoma habari za Evans-Pritchard na kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, watu ambao wengi wao wako kaskazini ya nchi yetu. Anatoa mfano wa ghala linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake. Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Swali lao ni lingine: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Uchawi unajibu swali hilo la pili. Nilipokuwa nasoma nilimwona mama yangu jikoni. Yeye alijua mbu na alijua malaria. Alichotaka kujua ni kwa nini mtoto wetu, kwa nini juma lile, kwa nini Beni. Hakuna aliyekuwa na jibu, si gavana wala jenerali. Jibu mtaani lilikuwa moja tu, na mimi nilikuwa nimechangia.

Nasi hatuko peke yetu. Usukumani nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowashwa na moshi wa kuni waliopikia watoto na wajukuu. Kisii nchini Kenya, mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma hiyohiyo. Neno lenyewe tunalo wote. Kiswahili kina kuroga, sisi wa Kongo tunasema mulozi, Kinande kinasema omuloyi, Lingala inasema ndoki, na mtaalamu wa lugha za Kibantu atakuambia kwamba mzizi wao ni mmoja. Tulipotawanyika katika bara hili tulilibeba pamoja na majina ya mbuzi na ya moto.

Mwaka 2016, baada ya mauaji ya Rwangoma mwezi wa Agosti, wazazi wangu waliamua kuhama. Tulikuja Butembo. Na hapa zamu yetu ilifika.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, kuanzia Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufa. Baba alikuwa hana kazi. Alipata kazi katika kile tulichokiita riposte, kikosi cha kupambana na ugonjwa: alivaa nguo za kujikinga na kunyunyiza dawa ya klorini katika nyumba za wagonjwa. Alilipwa vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yake. Tulinunua televisheni.

Sitawacheka majirani zetu, kwa sababu hofu yao ilikuwa na mizizi. Kwa miaka minne watu wa Beni walikuwa wameuawa bila ulimwengu kuja na magari. Sasa magari yalikuja kwa mamia kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwezi wa Desemba 2018 iliamuliwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Tulipangiwa mwezi wa tatu, wakati rais alikwisha kuapishwa. Mabango mengi ya kwanza niliyoyaona yalikuwa ya Kifaransa, na bibi yangu aliniomba nimsomee, nami sikujua kuyaeleza kwa Kinande. Mtu ambaye hakulindwa alipokuwa anakufa, akanyimwa kura, kisha akaambiwa kwa lugha asiyoijua kwamba maiti ya mama yake haitafuliwa wala kuoshwa nyumbani, atakosaje kuuliza maswali? Watu walisema ugonjwa umeletwa ili kutumaliza. Walisema wanaofanya kazi ile wanauza watu. Walisema kila mgonjwa ana bei.

Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa, siku chache tu kati ya kimoja na kingine. Tarehe 19 Aprili, Dokta Richard Mouzoko, tabibu kutoka Kamerun aliyekuja kutusaidia, alipigwa risasi na kuuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Majuma hayo yote mawe yalikuwa yanaanguka juu ya paa letu usiku. Tuliyasikia yakiviringika mpaka kwenye ukingo wa bati. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja alihama dawati bila kusema kitu. Siku moja bombani mwanamke alimwaga maji yake kwa sababu nilikuwa nimeshika kidumu chake kumsaidia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Alitaja jina la binamu yangu. Jina lake tu, basi, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Kisha akaendelea kuchambua.

Baba aliacha kazi ile mwezi wa Mei. Hakuna aliyetuomba radhi, na baada ya muda majirani walianza kutusalimu kama kwamba hapakuwa na kitu. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwisha kwetu: watu wanachoka.

Katika muhula wa kwanza mwaka huu tulikuwa na somo la lugha za Kongo ya mashariki. Mwalimu alichora ramani ya eneo la Beni ubaoni. Chini aliandika Kinande. Juu, upande wa Oicha na Eringeti, aliandika majina mengine, na kati ya hayo Kimbuba. Alisema Kimbuba si lugha ya Kibantu. Ni ya kundi la Sudani ya Kati, jamaa ya Kilese. Muundo wake na sauti zake ni tofauti na zetu, alisema, na wasemaji wake ni wachache, na vita vinawatawanya. Nilikuwa nanakili. Kalamu ilisimama. Mama yake binamu yangu alikuwa Mmbuba. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa jirani, bila kulifanyia kazi. Lugha isiyo ya watu ilikuwa na jina, ilikuwa na ukoo, na ingekuwamo katika mtihani.

Majuma machache baadaye ndipo tulipoona filamu ya Taboada.

Sasa naweza kujibu wale waliosema Verónica alijitakia. Ni kweli alisema mwenyewe kwamba ni mchawi. Binamu yangu naye alisema mwenyewe. Mmoja alisema kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumfanya mtu amwogope na kumheshimu. Mwingine alisema kwa sababu ya njaa ya siku tatu. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo, ibara ya 160. Hakuna mahali sheria inaposema: isipokuwa mtoto akikubali. Sisi tunafundishwa kuchambua sentensi, kutafuta nani anasema na nani anaambiwa. Basi tuichambue ile “ndiyo” ya mtoto. Aliyeitamka ni yeye, lakini waliokuwa wakisema ni waliomuuliza.

Na Flavia? Siku ile ukumbini wote tulimwonea huruma, mtoto aliyeteswa na hofu mpaka akachukua kiberiti. Hata mimi namwonea huruma. Lakini naona pia kwamba Flavia alikuwa na wazazi, nyumba na jina, na kwamba moto katika filamu ile unawashwa na aliyekuwa na kila kitu, juu ya asiyekuwa na kitu. Mimi nilikuwa Flavia, na tena sikuwa na udhuru wake, kwa kuwa binamu yangu hakunitisha kamwe. Nyuso za watu wazima wa Beni nazikumbuka kama Taboada alivyozionyesha: sketi ya jirani, mikono ya mama juu ya mtoto, viatu vya watu wa sala mlangoni. Uso mmoja tu ninauona vizuri, na ni wangu mwenyewe, nikifungua kinywa.

Likizo ya Pasaka nilikwenda Beni. Mjomba alikuwa amenipa habari kwamba anauza nyanya na vitunguu katika soko la Kilokwa. Nilizunguka karibu saa nzima. Alinitambua kabla sijamtambua. Ana mtoto sasa, alikuwa amelala kwenye kitenge nyuma ya meza. Tulisalimiana kwa Kinande, kama dada. Aliniuliza habari za mama, habari za mdogo wangu, yuko darasa gani. Nilimjibu. Nilikuwa nimeandaa maneno katika gari njia nzima, na yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba ni mimi niliyesema, siku ile jikoni.

“Najua,” alisema. “Nilikuwa nyuma ya mlango.”

Mteja alikuja, akapima nyanya kwa macho, akaomba kupunguziwa. Waliafikiana bei. Alipoondoka nilimuuliza lile nililotaka kujua kwa miaka kumi: usiku alikuwa anasema na nani?

Alisema alikuwa anasema na mama yake. Hakuwa usingizini. Katika nyumba yetu hakukuwa na mtu mwingine wa kusema naye lugha ile, na aliogopa itapotea, basi kila usiku alimweleza mama yake mambo ya siku nzima, tangu asubuhi: chai, bomba, shule, sweta. Kisha alinyamaza kidogo ili mama ajibu.

Kwa hiyo jirani yetu hakuwa amesikia vibaya. Kweli mtoto yule alikuwa anaongea usiku na mtu asiyeonekana, mtu aliyekufa. Kitu pekee ambacho hakuna mtu nyumbani aliyefanya ni kumuuliza mchana, kwa upole, ni nani.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza ninasoma nini huko Butembo. Nikasema lugha. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Nilimuuliza kama mtoto wake anasikia Kimbuba. Akasema anamsemesha, lakini wakiwa peke yao, ndani.

Nilinunua mafungu mawili ya nyanya. Alikataa kunipunguzia. Kabla sijaondoka nilimwomba anifundishe neno moja, akanifundisha, akanirudisha mara tatu kwa sababu sikuweza kuitoa ile sauti ya katikati. Nimeliandika katika daftari langu la somo la lugha za Kongo ya mashariki. Hapa sitaliandika, kwa kuwa sikumwomba ruhusa.